Kalamu Niliyoirudisha

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi ili isipotee. Bibi, jirani yetu wa nyumba ya pembeni, alikuwa ameushika ubao kwa mikono miwili, na majina yalikwishafika ukurasa wa tatu.

“Hapa, mjukuu wangu. Chini ya huyu.”

Juu kabisa kulikuwa na sentensi moja: sisi wakazi tuliotia saini hapa chini tunapinga ukumbi wa starehe wa mtaani kwetu kuongezewa muda kutoka saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri.

Niliishika kalamu. Nikaisoma ile sentensi, nikairudia. Kisha nikaiachia kalamu ining'inie.

“Nitarudi, bibi.”

Hakunilaumu. Alisema tu, “Haya,” akaenda kubisha mlango wa pili.

Zimepita wiki saba na bado nauona ule uzi ukiyumba. Mimi pia silali ukumbi ukichangamka. Ningeweza kutia saini nikiwa na macho mekundu ya kuthibitisha. Lakini mdogo wangu ndiye anayebeba spika za ukumbi ule, anayepanga viti na kuviondoa, na kazi hiyo ndiyo iliyomtoa katika miaka miwili ya kushinda nyumbani akitazama dari.

## Besi haibishi hodi

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta njia ya kukwepa. Nilitaka kuamini kwamba bibi anazidisha. Nikapakua programu ya kupima kelele kwenye simu, nikasimama kibarazani Jumamosi usiku, nikaona tarakimu ndogo ambayo ilinifurahisha. Asubuhi nikampelekea.

Aliitazama kwa adabu, kisha akanirudishia simu yangu. “Njoo usiku,” akasema.

Nilikwenda. Binti yake alinikaribisha, tukaingia wote watatu chumbani kwa bibi, taa ikazimwa. Mwanzoni sikusikia kitu cha kulalamikia. Hakuna sauti ya mwimbaji, hakuna kinanda, hakuna maneno. Bibi akaushika mkono wangu, akakibandika kiganja changu ukutani.

Ukuta ulikuwa unapiga kama kifua cha mtu aliyekimbia.

Nilikaa vile kwa dakika ishirini hivi. Mapigo yenyewe si makubwa, ila ukishayatambua huwezi tena kuacha kuyasubiri. Mwili unajiandaa kwa pigo linalofuata. Wimbo unakwisha, unashusha pumzi, na kabla pumzi haijatoka yote wimbo mwingine umeanza. Niliporudi kwangu nilijua kwamba tarakimu ya simu yangu haikuwa ushahidi wa chochote.

Baadaye nilielewa kwa nini. Programu nyingi za namna ile hupima kwa mizani ya A, iliyoundwa kufuata jinsi sikio la binadamu linavyosikia, na mizani hiyo huzipunguzia uzito sauti nzito. Mlio wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, pale besi inapoishi, hukatwa takriban desibeli 30 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) kabla tarakimu haijatokea kwenye kioo. Na desibeli hazihesabiwi kama mawe: kila 10 zinazoongezeka ni nishati mara kumi. Simu yangu ilikuwa imelitupa nje lile lile jambo ambalo bibi alikuwa analilalamikia.

Ukuta nao hufanya hivyo hivyo kwa namna yake. Sauti nyembamba huukuta ukuta ikarudi au ikafia humo. Nzito hupita. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko chumba cha bibi, na kwa ukuta wa kawaida kila mlio unaposhuka nusu ya hezi zake, kinga hupungua kwa takriban desibeli 6. Kwa hiyo ukifunga dirisha hujaufunga muziki. Umeondoa kila kilichokuwa kizuri ndani yake, ukabaki na kishindo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku. Mwaka 2009, kwa Ulaya, likaweka lengo la desibeli 40 nje ya nyumba, kipimo hicho kikiwa wastani wa usiku wote wa mwaka mzima. Hapo kwenye wastani ndipo nilipokwama. Ina maana Jumanne tulivu ya bibi inaweza kuwekwa kwenye mizani ili kulipia Jumamosi yake.

Hakuna mtu anayelala kwa wastani.

## Nani alitangulia?

Mwenye ukumbi hana kigugumizi. “Mimi nilikuwa hapa kabla ya ghorofa hizi,” aliniambia, akinyoosha mkono kuelekea jengo refu lililo nyuma ya ua wake. Na ni kweli. Wengi waliotia saini karatasi ile wanakaa humo, na ukumbi wameukuta.

Ila bibi hakuukuta. Yeye alifika mtaani akiwa bibi harusi, wakati mahali pa ukumbi palikuwa na majani. Ukumbi ulipojengwa ulikuwa wa mikutano na sherehe za mchana. Jioni walikuwa wanafagia na kufunga. Muziki wa usiku ulikuja baadaye, saa moja ikaongezwa, kisha nyingine.

Kwa hiyo kila mmoja ametangulia. Inategemea unaanza kuhesabu wapi, na nimegundua kwamba kila mtu huanza kuhesabu pale anaposhinda.

Swali hili ni la zamani kuliko spika. Mwaka 1879, huko London, mahakama ya rufaa iliamua kesi ya mtengeneza peremende ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akitwanga kwa vinu vizito jikoni mwake. Jirani yake alikuwa daktari. Hakusumbuka mpaka alipojenga chumba cha kupokea wagonjwa mwisho wa bustani yake, kikaegemea ukuta ule ule wa jiko. Ghafla vinu vikawa kero. Kesi hiyo inaitwa Sturges v Bridgman, na daktari aliyekuja na chumba chake baadaye ndiye aliyeshinda.

Niliposoma hivyo nilimwonea huruma yule wa peremende kwa siku nzima.

Lakini ndani ya hukumu ile kuna jambo jingine lililonikera zaidi. Jaji alieleza kwamba kitu ambacho ni kero Belgrave Square si lazima kiwe kero Bermondsey. Belgrave Square ni mahali pa matajiri. Bermondsey palikuwa mtaa wa viwanda vya ngozi. Yaani sheria hutazama kwanza unaishi na nani, ndipo ipime masikio yako. Naelewa busara yake: anayehamia sokoni asidai kimya cha msituni. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa Bermondsey hakuichagua, na nilipomaliza kusoma nilijiuliza ni mara ngapi ombi la kupiga muziki hadi alfajiri limepelekwa kwenye mitaa wanayolala wale wanaogonga mihuri.

## Kanuni niliyoipenda kwa wiki mbili

Kisha nikakutana na kanuni ya mleta mabadiliko, nikadhani nimefika.

Ni rahisi kuieleza: anayeleta kitu kipya ndiye anayebeba gharama ya kukipatanisha na kilichokuwapo. Ukijenga nyumba kando ya ukumbi wa muziki, madirisha mazito na kuta nene ni juu yako. Ukifungua ukumbi kando ya nyumba, ni juu yako wewe mwenye ukumbi. Jimbo la Victoria, Australia, liliiingiza katika kanuni zake za mipango mwaka 2014, na England ikaiweka katika sera yake ya kitaifa ya mipango miji mwaka 2018, baada ya kumbi nyingi za muziki kufungwa.

Niliibeba kichwani wiki mbili kama mtu aliyeokota ufunguo.

Nilimweleza mwenye ukumbi, akafurahi mno. “Si ndiyo ninayosema! Ghorofa ndilo lililoleta mabadiliko.” Jioni yake nikamweleza binti wa bibi, naye akafurahi vile vile. “Kweli kabisa. Kutoka saa sita kwenda saa kumi, si hayo ndiyo mabadiliko?”

Wote wawili walikuwa sahihi. Ukumbi ulistahili kulindwa dhidi ya ghorofa, na bibi alistahili kulindwa dhidi ya ukumbi. Kanuni ni nzuri, bado naiunga mkono, ila ni lazima iulizwe kila mara kitu kinapobadilika. Haiwezi kuulizwa mara moja ikawa hati ya kudumu ya yule aliyeiwahi.

## Aliyeondoka na pesa

Usiku mmoja, usingizi ukiwa umekataa, nilikuwa nalitazama lile ghorofa kwa dirishani. Vyumba vyote vya kulala vinatazama ua wa ukumbi. Vyote! Ngazi, mabafu na majiko vimewekwa upande wa pili, unaotazama barabara ndogo isiyo na kelele yoyote. Mjenzi angegeuza ramani tu, ngazi na mabafu yakakaa upande wa muziki, na kelele ingepita vyumba viwili kabla ya kumfikia aliyelala.

Hakuna aliyegeuza. Vioo ni vyepesi, vya kipande kimoja. Mjenzi aliuza nyumba zote, akakabidhi funguo, akaenda kujenga kwingine.

Wiki zote hizi sikumsikia mtu yeyote akimtaja. Wakazi wanamlaumu mwenye ukumbi, mwenye ukumbi anawalaumu wakazi, na yule aliyepata faida kwa kuwalaza watu kando ya spika hayumo katika ugomvi.

Arizona, Marekani, kuna kesi ya mwaka 1972 ambayo nimeisoma mara kadhaa sasa. Kampuni ya kunenepesha ng'ombe ilikuwa mbali na watu. Mjenzi aitwaye Del Webb akajenga mji wa wastaafu, Sun City, akawa anausogeza na kuusogeza mpaka harufu na nzi vikawafikia wakazi wake. Mahakama iliamuru ng'ombe waondoke, kwa sababu watu walikuwa wanaumia. Kisha ikamwamuru mjenzi alipe gharama ya kuwahamisha, kwa sababu yeye ndiye aliyewaleta watu pale.

Mahakama ile ilimtafuta aliyeondoka na faida, ikamrudisha mezani. Ndilo jambo ambalo sisi hatukulifanya.

London pia kuna mfano. Klabu ya Ministry of Sound iligombana kwa miaka na mjenzi aliyetaka kuweka ghorofa la makazi mbele yake. Mwaka 2014 walikubaliana: ghorofa lijengwe, lakini likingwe na sauti, na haki ya klabu kutoa kelele kwa kiwango kilichokubaliwa iandikwe katika hati inayowafunga watakaonunua. Mtu anajua analala karibu na nini kabla hajalipa. Sidai kwamba hilo linatibu kila kitu. Anayenunua anaweza kwenda kwingine, mpangaji mwenye kipato kidogo huchukua chumba kinachobaki. Lakini angalau jambo lilizungumzwa kabla ya saruji kukauka.

Kwetu je? Nilikwenda kuomba majalada. Ofisi moja, rafu moja, majalada mawili: la ghorofa na la ukumbi. Katika la ghorofa hakuna mstari unaoutaja ukumbi. Katika la ukumbi, lililofanyiwa marekebisho mwaka mmoja baada ya wakazi kuhamia, hakuna mstari unaolitaja ghorofa. Hakuna aliyeyafungua yote mawili siku moja juu ya meza moja.

Katika jalada la ghorofa kulikuwa na nakala ya tangazo la kuwaalika wakazi kutoa maoni. Nililitambua mara moja. Lilibandikwa getini nikalipita kila asubuhi, karibu mwezi mzima, mpaka mvua ilipolifuta. Pingamizi zilizopokelewa: hakuna.

Yale maneno mawili ya mwisho niliyasoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

## “Kelele haifungi, kaka”

Mdogo wangu sikumwambia habari ya karatasi. Alijua mwenyewe. Siku moja alirudi kazini, akavua viatu, akaniuliza bila kunitazama, “Umetia saini?”

“Hapana.”

“Ungetia, nisingekununia.”

Tulizungumza mpaka kukapambazuka. Aliniambia kitu ambacho hakuna kati yetu wa upande huu wa ukuta aliyewahi kukisema: saa mbaya kuliko zote ni ile ya kufunga. Taa zinawashwa, watu mia mbili wanatoka kwa mkupuo mmoja, masikio yao yamezibwa na muziki kwa hiyo wanaongea kwa kupaza, pikipiki zinaungurumishwa, milango ya magari inabamizwa, mtu anagombana na mpenzi wake. “Sisi tukifunga saa sita, kelele haifungi, kaka. Inahamia chini ya dirisha la bibi.”

Hoja hiyo ndiyo iliyowafanya Amsterdam wajaribu njia nyingine. Jiji lile lina mtu anayeitwa meya wa usiku. Mirik Milan, aliyeishika nafasi hiyo kuanzia mwaka 2012, alipigania vibali vya saa 24 kwa baadhi ya kumbi, ili watu watoke mmoja mmoja badala ya kumwagwa nje kwa pamoja. Nilimpenda sana huyo meya. Kisha nikajikamata: nataka hoja hii iwe kweli kwa sababu mdogo wangu ananufaika nayo. Na kuna kipande ambacho wanaoisifu Amsterdam hukiruka. Vibali vile vilielekezwa zaidi kwenye kumbi zilizo nje ya katikati ya jiji, mbali na vichochoro vya watu wanaolala. Huwezi kuchukua saa 24 ukaacha umbali.

Sydney walikwenda upande mwingine. Februari 2014, baada ya vijana wawili kuuawa kwa ngumi katika matukio tofauti Kings Cross, mtaa wa starehe wa jiji hilo, waliamuru kwamba kuanzia saa saba na nusu usiku hakuna mtu mpya wa kuingia kwenye baa na klabu za eneo husika, na saa tisa vinywaji visiuzwe tena. Katikati ya jiji amri hiyo iliondolewa Januari 2020, Kings Cross mwaka uliofuata. Wale walikuwa wanapambana na vurugu, si besi, kwa hiyo siichukui kama jibu letu. Naitaja kwa sababu nusu ya watu mtaani kwetu hudhani saa ndiyo bomba pekee la kufungua na kufunga.

Mdogo wangu alitaja mambo ambayo fundi mitambo yeyote anayajua: spika za besi zimekaa moja kwa moja sakafuni na kuegemea ukuta, kwa hiyo jengo zima linageuka ngoma. Mlango ni mmoja, kila anayeingia au kutoka anaufungulia mtaa muziki. Hakuna kidhibiti sauti, dijei anapandisha anavyotaka.

“Umewaambia?”

“Mimi ni mbeba spika.”

## Kikaoni

Kwenye kikao cha kusikiliza ombi la ukumbi, nilipeleka barua yangu mwenyewe. Niliandika kuhusu mlango, sakafu, na majalada mawili ambayo hayajawahi kukutana. Kama saini yangu ingekuwa bora kuliko barua, sijui hata leo. Saini ina nguvu ya kundi. Barua ya mtu mmoja husomwa kwa haraka.

Ukumbi wa kikao ulijaa. Upande mmoja ulisema wenzao ni wahuni. Upande wa pili ukasema wenzao wana chuki na vijana. Saa nzima ilikwenda hivyo, na sina cha kusimulia.

Kisha bibi akaomba kusema. Alisimama kwa shida, na hata wale vijana wa ukumbini wakanyamaza.

“Mimi sikatai ngoma. Nimecheza ngoma ujanani mpaka jua likanikuta uwanjani. Nataka kujua vitu viwili tu. Inakwisha saa ngapi, ya kweli, si ya kwenye karatasi. Na nikiamka usiku, nimwambie nani.”

Nilikuwa nimesoma hukumu za nchi mbili na sera za nchi nyingine mbili, na hakuna niliposoma swali hilo la pili likiulizwa wazi namna ile. Wengi wanaolalamika wameshakubali kwamba dunia ina kelele. Wanachoshindwa ni kulala ndani ya kelele isiyo na mwenyewe.

Uamuzi ulitoka baada ya siku kumi. Saa kumi alfajiri wamenyimwa. Wamepewa hadi saa nane usiku, Ijumaa na Jumamosi, kwa miezi sita ya majaribio. Kidhibiti sauti kifungwe na kitiwe kufuli. Kuwe na milango miwili inayofuatana. Spika za besi ziondolewe ukutani, zikalie mpira. Na kuwe na namba ya simu itakayopokelewa muda wote ukumbi ukiwa wazi.

Kuhusu vioo vya ghorofa, hakuna neno. Mjenzi hakuitwa.

Bibi hakushinda, na hakushindwa. Tunasalimiana kama zamani, ila hajawahi kunigusia ile karatasi, na mimi sijapata ujasiri wa kumweleza.

## Saa saba na dakika kumi

Jumamosi iliyopita niliamka. Nikabandika kiganja ukutani, siku hizi ndiyo kawaida yangu. Kulikuwa na pigo. Dogo kuliko zamani, lakini lipo. Nikatazama ng'ambo, taa ya chumba cha bibi ilikuwa inawaka.

Nikaitafuta ile namba. Iliita mara mbili.

“Haloo, ukumbini hapa, nikusaidie nini?”

Nilinyamaza. Hakuwa ameniambia kwamba simu wamempa yeye.

“Haloo?”

“Ni mimi.”

Nyuma yake nilisikia watu wakicheka, kisha mlango ukijifunga, kisha mwingine, na sauti yake ikabaki peke yake.

“Ni besi, kaka?”

“Ni besi.”

“Bibi ameamka?”

“Taa yake inawaka.”

“Usikate,” akasema, nikasikia hatua zake zikikimbia.